Presha, magoti mabovu na mazoezi ya kuvuta pumzi

Ukishaambiwa una presha, mashauri ni yale yale kila kliniki: punguza chumvi, punguza mwili, meza dawa kwa wakati, tembea. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimekaa na maagizo maisha yangu yote na kuyafuata hakunipi shida. Chumvi nilipunguza. Dawa nameza, amlodipini asubuhi na losartani usiku. Lililonikwamisha ni kutembea. Magoti yangu yote mawili yamesagika. Kutoka nyumbani kwangu Makorora, hapa Tanga mjini, hadi sokoni Ngamiani ni safari ambayo zamani niliifanya kwa mguu na kapu mkononi, leo napanda bajaji. Ukiniambia nitembee nusu saa kila siku unaniambia jambo jema, lakini nikilifanya leo, kesho sinyanyuki kitandani.

Nawaandikia walio kama mimi, na tuko wengi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 hapa Tanzania ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ana presha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi nayo, na karibu nusu yao hawajijui. Kati ya wanaojijua, wangapi wana magoti, nyonga, mgongo au uzito usiowaruhusu kufanya mazoezi wanayoambiwa wafanye? Watu hao huishia kumeza dawa na kujilaumu.

Habari ya mazoezi ya misuli ya kupumulia niliipata kwa kijana wa fiziotherapia aliyekuwa akinishughulikia magoti. Siku hiyo nilipanda ngazi za kliniki nikafika juu nahema.

"Shikamoo mama. Pumzika kwanza, usiongee."

"Marahaba mwanangu."

Akasubiri pumzi yangu itulie, akachukua daftari langu la presha akalipitia ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaniuliza kama nimewahi kupimwa nguvu ya kuvuta pumzi. Sikuwahi kusikia kitu kama hicho. Wamenipima mapafu kwa kunisikiliza mgongoni na kwa picha ya eksirei, lakini nguvu ya kuvuta? Akatoa kipimo kidogo chenye mdomo wa plastiki, akanibana pua, akaniambia nitoe pumzi yote, halafu nivute kwa nguvu zangu zote. Ndani yake hewa haipiti. Unavuta pasipo na kitu, na mshale unaonyesha umevuta kwa kiasi gani. Hesabu yake ni ya sentimita za maji, yaani mvuto wako ungeweza kupandisha maji kwenye mrija hadi kimo gani. Akanieleza kuwa nguvu hiyo inapungua kadiri umri unavyosogea, sawa na nguvu ya mikono na miguu, ila watu hawaioni kwa sababu hakuna anayepimwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kuwa kupumua ni kazi ya misuli. Mapafu yenyewe hayana misuli ya kujitanua. Anayefanya kazi ni kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, akisaidiwa na misuli iliyo katikati ya mbavu, na mambo yakiwa magumu, hata misuli ya shingo. Kiwambo kinaposhuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia. Na msuli ukiupa mzigo, unapata nguvu. Hili wataalamu Leith na Bradley walilionyesha tangu mwaka 1976, kwamba misuli ya kupumulia inafundishika kama mingine. Miaka iliyofuata mazoezi haya yakatumika zaidi kwa wagonjwa wa mapafu. Suala la presha lilikuja baadaye.

Nataka kulisema hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia hulichanganya. Sizungumzii ule upumuaji wa taratibu wa kutuliza mawazo, ambao unakaa, unafumba macho, unavuta polepole na kutoa polepole. Huo nao una faida yake kwa presha, na watu wameuchunguza. Ninaouzungumzia mimi hautulizi. Unatoa jasho. Ni mazoezi ya nguvu, ya dakika chache, na ukimaliza unajua umefanya kazi.

Yule kijana hakuniuzia maneno matupu. Alinieleza utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, huko Marekani, ukachapishwa mwaka 2021 katika jarida la Chama cha Moyo cha Marekani. Daniel Craighead, Doug Seals na wenzao walichukua watu 36 wa umri wa miaka 50 hadi 79, wote presha yao ya juu, ile namba ya kwanza kwenye kipimo, ikiwa 120 au zaidi. Kundi moja walipewa kifaa cha kuvutia pumzi chenye ukinzani mkubwa, yaani kinachoizuia hewa mpaka uvute kwa nguvu, kundi jingine walipewa kifaa cha namna ile ile lakini chenye ukinzani hafifu sana, ili ulinganisho uwe wa haki. Kazi yao ilikuwa kuvuta pumzi 30 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 6. Waliofanya mazoezi ya kweli, presha yao ya juu ilishuka kwa wastani wa 9. Watafiti wenyewe walisema kiasi hicho si kidogo ukikilinganisha na kinacholetwa na kutembea au na baadhi ya dawa.

Kilichonivutia zaidi ni mambo mawili. La kwanza, walipoacha mazoezi kwa wiki 6 nyingine, karibu robo tatu ya nafuu ile ilikuwa bado ipo. La pili linatuhusu wanawake. Watafiti wa moyo wanajua kuwa mazoezi ya kukimbia na kutembea, ambayo kwa wanaume wenye umri mkubwa huirudishia mishipa ulaini wake, hayaleti faida hiyo kwa kiwango kile kile kwa mwanamke aliyekoma hedhi na asiyetumia homoni. Mazoezi haya ya pumzi yaliwafaa wanawake hao sawa na wanaume. Nilipolisikia hilo nilinyoosha mgongo kwenye kiti. Miaka yote tunaambiwa tembea, tembea, na kumbe miili yetu inajibu kwa namna yake.

Kwa nini kuvuta pumzi kushushe presha? Nilimuuliza, maana mtoto darasani akikuletea jibu unamuuliza njia. Akasema waliopimwa walionekana mishipa yao inatanuka vizuri zaidi kwa asilimia 45 hivi, na kwamba utando wa ndani wa mishipa ulikuwa unatoa naitriki oksaidi kwa wingi zaidi. Hiyo ni gesi ambayo mwili unaitengeneza wenyewe, kazi yake kuilegeza mishipa. Mshipa uliolegea damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu. Tena kabla ya Colorado, Fiona Bailey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walikuwa wameyajaribu mazoezi haya kwa watu wanaokatikiwa pumzi usingizini, matokeo yakatoka mwaka 2016. Kukatika kwa pumzi hakukupungua, ila presha ilishuka na walilala vizuri zaidi.

Kisha akaongeza jambo lililonifanya nimwamini: "Mama, watu 36 ni wachache. Nakupa hii kama nyongeza. Dawa zako hazitoki, na daktari wako lazima ajue kabla hujaanza."

Daktari alijua. Alinisikiliza moyo, akanipima tena, akauliza kuhusu kifua, masikio na upasuaji wowote, akaniruhusu.

Kifaa chenyewe hapa Tanga sikukipata. Alinitumia mpwa wangu anayeishi Uingereza, kwa mtu aliyekuwa anarudi likizo. Kinaingia kiganjani. Kina mdomo wa mpira laini wa kushika kwa meno, ndani kina vali inayoshikiliwa na springi, na chini kina kirungu cha kuzungusha chenye namba. Ukizungusha, springi inakazwa. Vali haifunguki mpaka mvuto wako uushinde ukakamavu wa springi, na ukilegea kidogo tu, inajifunga. Hilo ndilo linalokitofautisha na kuvuta hewa kupitia tundu dogo. Kwenye tundu dogo unaweza kujidanganya kwa kuvuta polepole. Hapa hakuna njia ya kujidanganya.

Naeleza pumzi moja jinsi inavyokwenda, maana ndani yake ndimo mlimo na kazi yote. Nakaa kwenye kiti cha mbao kisicho na mikono, nyayo chini, mgongo wima. Pua naibana kwa kibanio. Midomo naizungusha kwenye mpira mpaka pasiwe na mwanya, kwa sababu hewa ikipita pembeni umevuta bure. Natoa pumzi taratibu mpaka kifua kiwe kitupu, mpaka tumbo lirudi ndani. Hapo sasa navuta, kwa kasi na kwa nguvu, kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija uliobanwa. Sekunde ya kwanza hakuna kinachoingia. Mabega yanataka kupanda kusaidia, nayazuia. Kisha vali inaachia, hewa inaingia kwa mkupuo wenye sauti ya kukwaruza, na mbavu za chini nazihisi zikifunguka pande zote mbili. Naendelea kuvuta mpaka pa mwisho kabisa, pale ambapo springi inanishinda na vali inajifunga yenyewe. Kutoa ni bila nguvu wala haraka, hewa itoke yenyewe. Sizuii pumzi hata kidogo. Kukaza na kuzuia pumzi hupandisha presha papo hapo, na hilo wanaonyanyua vyuma wanaambiwa kila siku.

Pumzi sita, napumzika dakika moja, sita tena, hivyo hivyo mpaka 30. Mate yanajaa mdomoni, weka kitambaa karibu.

Siku za mwanzo shingo iliniuma, hasa mbele, pale misuli miwili inaposhuka kutoka nyuma ya masikio hadi kwenye mtulinga. Yule kijana alinirekebisha kwa mkono wake. Aliniweka kiganja changu mwenyewe juu ya kitovu, akasema pumzi ianzie hapo, mkono usogee kabla ya mabega. Tulianza na ukinzani wa karibu nusu ya nguvu niliyopimwa nayo, tukapandisha hatua kwa hatua. Kizunguzungu nacho kilinijia nilipokuwa naharakisha kati ya pumzi na pumzi. Sababu yake ni rahisi: ukihema harakaharaka unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kupita kiasi, na ubongo unalalamika. Ukiacha nafasi, ukatoa polepole, kinakwisha. Kikiendelea, acha kwa siku hiyo.

Sasa nije kwenye kupima, kwa sababu mazoezi yoyote ya presha bila vipimo vya kuaminika ni kubahatisha, na hapa ndipo ninapoumia zaidi moyoni. Kabla ya haya yote niliwahi kwenda zahanati moja nikiwa nimetoka juani. Nilipokaa tu, mkanda ukavishwa juu ya mkono wa gauni, miguu yangu inaning'inia kwenye kitanda cha kupimia, na aliyenipima ananiuliza jina, umri na ninapoishi huku mashine inavuma. Namba ikatoka juu sana, nikaandikiwa dawa hapo hapo. Niliikunja ile karatasi nikaenda nayo kwa daktari wangu. Akanikalisha, akanipima upya, na tofauti ilikuwa kubwa. Watu wangapi wanaongezewa dawa wasizohitaji kwa namna hii? Na wangapi wanapimwa kwa haraka wakaambiwa wako salama?

Kupima sawasawa hakuhitaji elimu kubwa. Usinywe chai wala kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kilichojaa kinapandisha namba. Kaa kitako dakika tano, mgongo umeegemea, miguu isikunjwe wala kupishana, nyayo ziguse sakafu. Mkono uwe mtupu, umelazwa mezani, usawa wa moyo. Nyamaza. Pima mara mbili, ukiachanisha kwa dakika moja, andika zote mbili. Na mkanda uwe saizi yako. Mkono wangu ni mnene, na mkanda wa kawaida ulikuwa ukinipa namba kubwa kuliko ukweli. Nilinunua mkanda mpana, na tangu hapo daftari langu na mashine ya daktari vinaelewana. Vile vipimo vya kuvaa kwenye kifundo cha mkono ni vyepesi kubeba, lakini vinayumba sana. Kama uwezo unaruhusu, nunua cha kuvaa juu ya kiwiko.

Mimi hupima asubuhi kabla ya dawa na kabla ya mazoezi, halafu jioni. Sipimi nikishamaliza tu kuvuta, kwa sababu wakati huo mwili bado unahangaika na namba haina maana. Wala sitazami namba ya siku moja. Ukilala vibaya inapanda, ukipata habari ya msiba inapanda. Natafuta wastani wa wiki.

Nilianza mvua za vuli zilipokuwa zinakatika. Wiki za kwanza daftari halikuonyesha kitu, likawa linapanda na kushuka kama kawaida yake. Nilichokiona kwanza ni pumzi yenyewe. Ngazi za kliniki zile zile, nikafika juu naweza kumsalimia mtu. Nikisoma Kurani kwa sauti, aya ndefu naifikisha bila kukata katikati. Namba zikafuata polepole. Kabla, wastani wa presha yangu ya juu ulikuwa kwenye 150 na kidogo, pamoja na dawa. Masika yalipoanza ulikuwa umeshuka hadi 140 na kidogo, na wiki nyingine ukigusa 130 na kitu. Presha ya chini haikubadilika sana.

Daktari alilipekua lile daftari akaniuliza maswali ya mtu mwangalifu: umepungua mwili? Umebadilisha chakula? Umeanza kitu kingine? Uzito wangu ulikuwa ule ule, na chumvi nilikuwa nimeshapunguza muda mrefu kabla. Alikuwa amepanga kuniongezea dawa ya tatu, ile ya kupunguza maji mwilini. Akasema tusubiri. Dawa mbili zikabaki kama zilivyo, ya tatu haikuandikwa, na kwangu hiyo ni faida kubwa: kidonge kimoja pungufu cha kununua, na safari pungufu za chooni usiku kwa mtu mwenye magoti kama yangu.

Baadaye nilikaa Muheza muda mrefu kwa sababu ya msiba wa familia, kifaa nikakiacha nyumbani. Nilirudi nikidhani nitaanza upya. Namba zilikuwa zimepanda kidogo, hazikurudi zilikotoka. Ndipo nilipokumbuka ile habari ya robo tatu.

Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, aliposikia akanijia barazani. "Sasa mwalimu, si bora uache hivyo vidonge? Ushapata dawa ya asili." Nilimjibu kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka, na ninyi nawajibu hivyo hivyo. Presha haina kelele. Kichwa kutouma si ushahidi kwamba iko chini, na wengi waliopata kiharusi hawakuwa wakiumwa chochote jana yake. Ukiacha dawa kwa sababu unajisikia vizuri, unajisikia vizuri kwa sababu ya zile dawa. Kushuka kwa 9 au 10 kunamfaa sana mtu aliye kwenye 150. Aliye kwenye 180 bado yuko hatarini hata akishuka kiasi hicho. Anayepunguza dawa ni daktari, akiwa na vipimo vyako mkononi. Na namba ikifika 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kupungukiwa pumzi, ulimi kuwa mzito au upande mmoja wa mwili kulegea, usishike kifaa wala kitunguu saumu wala mlonge, tafuta usafiri uende hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna watu ambao mazoezi haya hayawafai, au hayawafai kwa sasa. Aliyewahi kuvuja hewa kifuani, pafu likasinyaa. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kifua au tumbo, au aliyevunjika mbavu hivi karibuni. Mwenye pumu isiyotulia. Mwenye moyo ulioshindwa kazi kwa kiwango kikubwa, au mshipa mkubwa wa damu uliovimba. Mwenye tundu kwenye ngoma ya sikio, kwa sababu mvuto ule unafika hadi masikioni. Mjamzito aongee kwanza na daktari wake. Hata ukiwa na mafua mazito tu, subiri yapite. Na kifaa hakiazimwi. Mdomo wako ni wako, wa mwenzio ni wake, na huku kwetu kifua kikuu bado kipo. Changu nakiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nakiacha kikauke kwa hewa, nakifunga kwenye kitambaa safi.

Ramadhani niliyahamishia mazoezi usiku, baada ya tarawehe, futari ikiwa imeshashuka. Tumbo likiwa limejaa, kiwambo hakina pa kushukia, utavuta hewa nusu na utajisikia vibaya. Ratiba ya dawa daktari aliipanga upya kabla mwezi haujaandama, na hilo mfungaji yeyote mwenye presha asilifanye kwa kukisia.

Kuhusu chakula nitasema moja tu. Sisi wa pwani tunadhani chumvi ni ile tunayotia chunguni. Mimi nilikuwa sitii kabisa mezani, na ng'onda, papa mkavu na achari vinapita kila siku. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni pamoja na iliyomo ndani ya samaki wa chumvi, mkate na viungo vya pakiti. Ng'onda siku hizi nailoweka usiku kucha, namwaga maji, na inaliwa kwa nadra. Pumzi 30 haziwezi kushindana na sahani ya papa.

Ninachokitamani ni kuona vifaa hivi kwenye kliniki za presha za wilaya. Vile vya springi havina betri wala haviunganishwi na simu. Mgonjwa anahitaji kuonyeshwa mara chache na mtu anayejua, apimwe nguvu yake, apangiwe ukinzani, halafu aendelee nyumbani. Wataalamu wetu wa fiziotherapia wanaweza kazi hiyo, na wengi wao wanaletewa wagonjwa wakati kiharusi kimeshapita na mkono umeshakufa. Wangeletewa mapema. Wenye mabinti na wana nje ya nchi tunaletewa mizigo, lakini yule mama anayeuza vitumbua pale kona, ambaye miguu yake imevimba na presha yake haishuki, atatumiwa na nani?

Wifi yangu amehamia kwangu tangu mwezi uliopita, naye ana presha. Kila asubuhi ananitazama nikivuta, na juzi akasema, "Wifi, nami nianzishe." Nilikuwa tayari nimefurahi mpaka akakumbuka kunieleza kuwa sikio lake la kulia lilikuwa likitoa usaha tangu utotoni na halisikii vizuri. Nimempeleka aandikishwe kwa daktari wa masikio. Tarehe yake ni wiki ijayo. Kama ngoma ya sikio ni nzima, yule kijana ameahidi kumpima nguvu na kumwanzishia alama ya chini kabisa, na mpwa ameshaombwa kifaa cha pili. Kama si nzima, tutabaki na mashine ya presha, daftari lake jipya, na ule upumuaji wa taratibu usio na kifaa, ambao tumeanza kuufanya pamoja jioni.